Bunduki ya dari, singe na medali: tuliyopitia Bombo kabla ya kujua kipi ni orijino na kipi kina thamani

Familia nyingi hapa Uganda ambazo wazee wao walipita KAR (King's African Rifles, jeshi la Waingereza la Afrika Mashariki), nyumbani hakukosi kitu. Sisi Wanubi ndio usiseme, lakini hata kwa Waacholi, Walugbara na wengine utakuta, kama si medali ndani ya kopo la maziwa basi singe wanayokatia miwa, kama si singe ni mkanda wa jeshi, na mara chache sana ni bunduki yenyewe. Kwetu Bombo vilikuwepo vitatu kwa pamoja, bunduki, singe na medali, na kutafuta kujua ni vya lini, ni vya kweli ama la, na vina bei gani, kulitula hela, kukatugombanisha ndugu kwa ndugu, na majibu tuliyopata hakuna mtu wa ukoo aliyeyatarajia. Naandika kwa sababu najua kuna nyumba sasa hivi wamekalia kitu kama hicho na dalali kashaanza kupiga simu.

Habuba, yaani bibi yetu, alipofariki ami zangu walitaka kubadilisha mabati ya nyumba ya zamani, mafundi wakapanda juu, kwenye mbao za dari wakakuta gunia limefungwa kamba, mdomo umelegea, wakaangaza tochi wakaona kitako cha mbao na mtutu, pembeni singe kwenye ala ya ngozi. Medali ilikuwa inajulikana siku zote, ilikaa kabati la vyombo. Lakini bunduki tulikuwa tunaisikia tu kwenye hadithi, kwamba babu mkubwa alikuja nayo pamoja na Selim Bey, kamanda wa wale askari Wasudani wa Emin Pasha, gavana wa Misri huko Ekwatoria, ambao Lugard, afisa wa kampuni ya Waingereza, aliwakuta Kavalli kando ya Ziwa Albert mwaka 1891 akawaleta upande huu. Kila mtoto wa ukoo wetu amekua na hadithi hiyo. Basi habari iliposhuka kutoka darini watu walilia, nisiwafiche, watu wazima walilia.

Kabla ya orijino na feki na bei kuna sheria, na hapo ndipo familia nyingi zinaumia. Hapa kwetu bunduki ni bunduki. Kuna sheria ya silaha ya mwaka 1970, inataka uwe na cheti, na vijana wa nyumbani walikuwa wameshasoma kwenye intaneti kwamba silaha ya kale haina shida, kumbe wanasoma mambo ya Marekani, kule ndiko bunduki iliyotengenezwa mwaka 1898 au kabla inahesabiwa kitu cha kale. Uingereza nao wana utaratibu wao wa bunduki za kale ambazo risasi zake hazitumiki tena. Hayo ni ya kwao, hayakusaidii ukisimamishwa barabara ya Gulu. Sisi tulimwita mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, aje aone ilipo bila mtu kuisogeza, yeye akawapigia polisi, wakaja. Naomba mnisikie vizuri hapa, msiibebe wenyewe kwenye boda wala kwenye buti ya gari eti mnaipeleka stesheni, mkikamatwa njiani maelezo yenu hayana shahidi. Na mtu asivute bolti kuangalia kama ina risasi, kitu kimekaa darini miaka na miaka hakuna anayejua kilichomo. Afisa mmoja ndiye aliyeifungua, akakuta chemba tupu na magazini tupu, ndiyo tukapumua.

Kabla haijaondoka tuliomba mambo mawili na mpaka leo nashukuru tuliyaomba. Kwanza karatasi ya kupokea iliyoandikwa kila kitu, namba zote zilizogongwa, chapa, urefu, hali ya mbao, jina la aliyeikabidhi na jina la aliyeipokea. Karatasi inayosema tu bunduki kuukuu moja haitakusaidia kesho ukitaka kujua kama ile iliyoko stoo ni ile ile yako. Pili, ruhusa ya kupiga picha pale pale mbele ya afisa. Picha za chapa zina namna yake, flashi ya mbele inaua herufi, zima flashi, chukua taa ya simu nyingine uilaze pembeni karibu na chuma, herufi zinasimama zenyewe. Weka rula kando. Piga nzima pande mbili, halafu kila chapa peke yake, hata ile unayoiona ni mkwaruzo tu. Singe na medali afisa aliziandika akatuachia.

Wiki hiyo hiyo simu zikaanza. Sijui nani alisema. Dalali mmoja wa Kampala alikuja na gari akasema ile ni Remington ya Emin Pasha, Wazungu wanaitafuta, atatoa milioni kumi na mbili tukimsaidia tu kuitoa polisi, akapandisha mpaka kumi na tano, na medali tumpe kama nyongeza tu bila hela. Mwingine hakutaka hata bunduki, alitaka kitako, anasema ndani yake kuna merikuri nyekundu, kitu cha kubuni kinachosemwa kuwa cha bei kubwa. Hili la merikuri liko Uganda nzima, limeanzia kwenye cherehani za zamani likaingia kwenye redio sasa liko kwenye bunduki, na limewafilisi watu. Ukweli ni kwamba kitako cha Lee-Enfield, bunduki ya jeshi la Uingereza, kina tundu kweli, kina kifuniko kidogo cha shaba nyuma, na mle askari aliweka kichupa cha mafuta na kamba ya kusafishia mtutu. Basi, hakuna kingine. Mtu akikuambia habari za merikuri mwage chai umsindikize.

Sasa chapa. Bunduki za jeshi la Uingereza zinasomeka ukijua pa kuangalia, hata ambaye hajawahi kushika silaha anaweza. Kwenye Lee-Enfield fupi unaangalia upande wa kulia, kwenye kile chuma kinachoshika kitako, nyuma ya mkono wa bolti. Pale kuna taji, herufi za mfalme, kiwanda, mwaka, halafu aina. Picha yetu ilisema taji, GR, B.S.A. Co., 1917, SHT L.E. (yaani Lee-Enfield fupi), kisha III na nyota pembeni. Niliisoma peke yangu usiku kwenye simu nikaikuza mpaka macho yakauma, nikijua kesho yake nitawaambia nini wazee.

Maana 1917 haiwezi kuwa 1891. Na si mwaka tu, bunduki yenyewe ya aina hiyo haikuwepo. Lee-Enfield ya kwanza kabisa, ile ndefu, ni ya 1895. Mark III fupi iliingia 1907. Ile nyota ni ya 1916, katikati ya vita, walipoona viwanda haviwahi wakaondoa vitu vilivyoonekana si vya lazima, kama ile sahani ya kufungia magazini na vile vielekezi vya kupigia mbali sana vilivyokuwa pembeni. Askari wa Emin Pasha walikuwa na Remington za jeshi la Misri, mdomo unafunguka nyuma kwa kipande cha chuma kinachobiringika, hakuna bolti, hakuna magazini, unaweka risasi moja moja. Ukiziweka mbili hizo pamoja hata mtoto anaona si ndugu. Ami mkubwa alikasirika sana, akasema nimeleta herufi za Wazungu kuvunja maneno ya wazee, na hakusema na mimi muda mrefu. Simlaumu. Kwake ile haikuwa bunduki, ilikuwa ndiyo hati ya sisi kuwa hapa.

Kwa wanaotaka kujua kama kitu ni feki, herufi za mfalme ndiyo mtihani mwepesi kuliko yote. VR ni Victoria, aliyefariki Januari 1901. ER ni Edward wa saba, yeye mpaka 1910. Baada yake GR, George wa tano mpaka 1936, na George wa sita naye ni GR. Rafiki yangu aliyewahi kufanya kazi ya ulinzi Afghanistan, mnajua vijana wetu wengi walienda kule na Iraki, alinitumia picha ya bunduki aliyotaka kuuziwa sokoni kule, Martini-Henry, bunduki ya zamani ya Waingereza, imeandikwa V.R. na chini yake 1904. Malkia ameshakufa miaka mitatu halafu kiwanda kinaendelea kumgongea taji? Tukatazama zaidi tukaona N ya Enfield, jina la kiwanda, imegeuzwa. Zile zinatengenezwa kwa mkono na mafundi wa milimani, Darra Adam Khel huko Pakistan na kuzunguka njia ya Khyber, ni mafundi wa kweli ila wengi wao walikuwa wananakili herufi wasizozisoma, ndiyo maana makosa yanakuwa kwenye maandishi kabla ya kuwa kwenye chuma. Hata hivyo usiishie kwenye maandishi. Herufi za kiwanda zimegongwa, nyundo inasukuma chuma kando, ukipitisha kidole unasikia ukingo, na kina chake hakilingani. Herufi za kumimina zina mabega ya duara na vitundu vya hewa. Za leza zina sakafu bapa, sawa kila mahali. Na kutu, kutu ya miaka ni kavu, kahawia ya kuelekea weusi, imejificha kwenye kona ambazo mkono haufiki. Ile ya kuwekewa asidi ni ya chungwa na imeenea sawasawa kote, hata pale ambapo mkono wa askari ungekuwa umepasugua miaka yote.

Kingine wanachoangalia wakusanyaji ni namba kulingana. Kwenye hii ya kwetu namba iko kwenye mwili wa bunduki, kwenye mtutu, nyuma ya mkono wa bolti, kwenye kile kichwa cha mbele kinachoshika singe, na chini ya bapa la kulengea. Zote zikiwa moja bei inapanda. Yetu mwili na mtutu vinalingana, bolti ni ya bunduki nyingine kabisa. Hii haimaanishi ni feki, jeshini bolti zilibadilishwa karakana, lakini inashusha bei na pia ni hatari kwa mtu anayefikiria kuipiga, maana bolti na mwili vilipimwa kwa pamoja. Ukikuta DP imegongwa popote, ile ilikuwa ya kufundishia gwaride, haikutakiwa kupigwa tena. Halafu kuna ule mshale mpana, alama ya mali ya serikali. Ikiuzwa rasmi nje ya jeshi wanagonga mshale wa pili uelekeane na wa kwanza, ncha kwa ncha. Wetu ulikuwa peke yake. Yaani hakuna alama kwamba jeshi liliwahi kuiachia, na mnunuzi yeyote wa maana ng'ambo angeuliza hapo hapo ilitokaje. Dalali hakuuliza kwa sababu hakuwa anataka jibu.

Singe ilinifundisha jambo jingine. Binamu yangu aliona upanga umeandikwa 1907 akatangaza kwenye WhatsApp ya ukoo kwamba ni ya 1907. Kumbe 1907 ni jina la aina, kila singe ya aina hiyo imeandikwa hivyo hata ikiwa ya miaka kumi baadaye. Tarehe ya kutengenezwa iko chini yake, namba ndogo za mwezi na mwaka, yetu ilikuwa 8 na 16, Agosti 1916, na jina la kiwanda, Wilkinson. Upande wa pili kuna X ya kuonyesha upanga ulijaribiwa kwa kupindwa. Za mwanzo zilikuwa na ndoano chini ya kilinzi cha mkono, wakaacha kuitengeneza 1913 na nyingi wakazikata, kwa hiyo zenye ndoano zinauzwa mara kadhaa ya bei ya zile za kawaida, na ndiyo maana wahuni wanachomelea ndoano kwenye singe ya kawaida. Ukiona ndoano halafu tarehe ni 16 au 17, kaa mbali, na angalia kama kuna mstari wa kuchomelea au rangi ya chuma imebadilika.

Nilisema ilikuwa Agosti 1916 kwa sababu sasa haisomeki. Binamu huyo huyo, kwa nia nzuri kabisa, alitaka iwe safi kabla ya mnunuzi kuja, akaipeleka kwa fundi wa kuchomelea wakaipitishia grainda yenye brashi ya waya. Inang'aa sana. Tarehe imeondoka, nusu ya Wilkinson imeondoka, ule weusi wa miaka mia umeondoka, na hauwezi kurudishwa na fundi yeyote duniani. Mkusanyaji mmoja wa Uingereza niliyemtumia picha za kabla na za baada aliniambia kwa upole kwamba ya kwanza angeinunua na ya pili hapana. Kwa hiyo nawaomba, kitu kikitoka kwenye gunia msikiguse na msasa, wala Brasso, wala limau, wala vanishi kwenye mbao. Mafuta mepesi ya mashine kwenye chuma, kitambaa kikavu kwenye mbao, inatosha. Na watu wa nyumbani waambieni mapema kabla hawajapata nia nzuri.

Bei sasa. Watu wanaangalia bei ambazo wauzaji wameandika, hizo ni ndoto zao. Tafuta bei ambayo kitu kimeuzwa kweli, nyumba za mnada za Uingereza nyingi zinaweka matokeo wazi, na kumbuka mnunuzi analipa kamisheni juu, mara nyingi zaidi ya asilimia ishirini, na muuzaji naye anakatwa ya kwake, kwa hiyo bei iliyogonga nyundo siyo inayoingia mfukoni. Lee-Enfield za vita vya kwanza zilitengenezwa kwa mamilioni. Ni bunduki nzuri lakini si adimu. Ya kwetu, bolti haifanani, mbao imeliwa na mchwa chini, haina karatasi, haiwezi kuuzwa kihalali na sisi wala kusafirishwa, nikiulizwa thamani yake ya soko kwa familia nasema sifuri na sionei haya. Zile milioni kumi na tano zilikuwa bei ya kesi, maana anayeitoa polisi kwa mlango wa nyuma ni wewe, siyo dalali.

Kilichobaki ni medali, ile ya kupewa bure. Habuba alikuwa anaisugua kwa majivu na limau kila Idi, uso wa mfalme umekuwa bapa kama sabuni iliyokaribia kwisha. Ni ya fedha, milimita 36, upande wa pili mtu juu ya farasi na miaka 1914 na 1918. Hakuna aliyewahi kuangalia ukingo. Nilipoigeuza chini ya taa nikaona herufi, zimegongwa kuzunguka ukingo wote, namba ya askari, jina, na mwisho K.A.R. Lilikuwa jina la babu mzaa babu, limeandikwa kwa tahajia ya karani ambaye hakuwahi kusikia Kiarabu, lakini ni lake, na namba ile ile ipo kwenye kipande cha cheti chake cha kuachishwa jeshi kilichokuwa kimekunjwa chini ya kopo, mchwa wamekula nusu.

Nikaenda kwa ami mkubwa na hiyo. Tukakaa, tukapanga, akaanza kukumbuka majina, na ikaonekana hadithi ya ukoo ilikuwa imewaunganisha watu wawili, baba na mtoto. Baba ndiye wa Selim Bey. Mtoto alizaliwa huku, akaingia 4 KAR, yaani kikosi cha nne, hapa hapa Bombo palipokuwa na kambi yao, akaenda kupigana na Wajerumani Tanganyika. Bunduki haijulikani ni ya nani kati yao na huenda si ya yeyote, askari akiachishwa anarudisha silaha, na hakuna karatasi inayoiunganisha na sisi zaidi ya dari letu. Medali inasema yenyewe. Kwa wakusanyaji wa medali jina la ukingoni na cheti chenye namba hiyo hiyo ndivyo vinavyofanya kitu kiwe na maana, hata uso ukiwa umefutika. Kwa hiyo angalieni ukingo kabla ya kutazama uso. Jina likiwa limechongwa kwa mkono badala ya kugongwa, au ukingo ni mwembamba kuliko kawaida, au kipimo kimepungua chini ya milimita 36, kuna mtu kafuta jina la zamani akaweka jipya. Na kama ni za vita vya pili msishangae kukuta ukingo mtupu, Waingereza zile walizitoa bila majina, hapo cheti ndicho kila kitu, bila cheti huwezi kujua ilikuwa ya nani.

Mpaka sasa bunduki iko stoo ya polisi. Mwanasheria alituandikia barua kwa laki mbili, pamoja na nakala ya ile karatasi ya kupokea na picha, tukiomba isiteketezwe pamoja na silaha nyingine, maana Uganda imeshateketeza maelfu ya silaha zilizokusanywa na hakuna anayesimama kuchambua ipi ni ya kale. Tumeomba ikikubalika iharibiwe uwezo wa kupiga na ipelekwe makumbusho. Jibu bado. Kuna ofisi moja walitaka tuwape chochote ili barua itembee, hatukutoa, na imechelewa zaidi kwa sababu hiyo. Ukiandika barua kama hii dai mhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako, na peleka nakala kwa mwenyekiti wa LC1 pia.

Medali haiuzwi, hilo wazee walikata wenyewe bila mimi kusema. Imefungwa kwenye kitambaa cha pamba, si kwenye mfuko wa plastiki maana plastiki nyingine zinatoa ute unaokula fedha na shaba. Cheti nimekiskani pande zote mbili nikawatumia watoto wa ukoo walioko Arua, Nairobi na London, kila mmoja ana nakala. Na ami mkubwa nimemrekodi kwa simu akisimulia habari za baba na za mtoto, kila mtu na za kwake, na amesema kuna wazee wengine Bombo wenye vyeti kama hivyo, tunaanza kuwapitia mwezi ujao tukiwa na taa na rula.